Kabla Hela ya Korosho Haijawa Gari: Namna ya Kutambua Mahali Mtengenezaji Alipobana Gharama

Kila mwaka minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaingia benki, simu yangu haipumziki. Huyu ameona gari Dar es Salaam, yule ametumiwa picha na wakala, mwingine ameshalipa na sasa anataka nimhakikishie kwamba hakukosea. Huyo wa mwisho huwa ananiumiza roho, kwa sababu mara nyingi hakuna tena la kumsaidia.

Msimu uliopita mzee mmoja wa Tandahimba, rafiki wa marehemu baba yangu, aliniita tukatazame magari mawili pale Mtwara mjini. Moja lilikuwa la miaka ya karibuni, linang'aa, lina skrini kubwa mbele. La pili lilikuwa Probox ya zamani. Akanivuta pembeni: "Mwanangu, hili lina tivii, lile lina tairi tano. Nichukue lipi?"

Swali lake ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Ile skrini, na kukosekana kwa tairi la tano kwenye gari jipya, vilitokana na jambo moja: kiwandani kuna watu ambao kazi yao ni kupunguza gharama ya kila kipuri. Ukiokoa dola moja kwenye gari moja hujapata kitu. Ukiiokoa kwenye magari milioni moja umepata dola milioni moja, na gari lina maelfu ya vipande.

Kubana gharama si dhambi. Toyota walipoanzisha mpango wao wa CCC21 mwaka 2000, walilenga kushusha kwa asilimia 30 gharama za vipuri muhimu 180. Honi iliyokuwa na vipande 28 iliondolewa vipande 6. Vile vishikio vya juu ya mlango, ambavyo abiria hung'ang'ania dereva akikata kona, vilikuwa vya aina 35 vikabaki aina 3. Hakuna mnunuzi aliyepoteza chochote hapo. Lakini mwaka 2014 General Motors wa Marekani walilazimika kuyaita karakana magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyokuwa legevu. Goti likigusa ufunguo, au ukilemewa na funguo nyingine, injini inazimika gari likiwa njiani na eabegi, yaani mifuko ya hewa ya kuwakinga watu wakati wa ajali, hazifunguki. Mfuko wa fidia wa kampuni yenyewe ulikubali vifo 124. Miaka mingi kabla ya hapo lilikuwepo pendekezo la kuirekebisha kwa chini ya dola moja kwa gari, likakataliwa kwa sababu ya gharama.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: gharama ilibanwa wapi, na nani atakuja kuilipa?

Hatua ya 1: Andika barabara zako kabla hujaangalia gari lolote

Chukua karatasi. Andika gari litapita wapi kwa wiki, litabeba nini, na usiku litalala wapi. Mtu wa Shangani, Mtwara mjini, anayekwenda kazini na kurudi kwa lami hana mahitaji sawa na mtu wa Nachingwea anayeingia Liwale masika, wala na mwenye mashamba ya chumvi Lindi. Gari lilibuniwa kwa barabara za watu wengine. Ukijua zako, utajua ni kitu gani kilichoondolewa kitakusumbua na kipi hutakikumbuka kamwe.

Hatua ya 2: Ulizia ndugu wa gari

Njia kubwa ya kubana gharama siku hizi ni kutumia msingi mmoja, injini moja na vipuri vilevile kwa magari mengi. Volkswagen wana msingi wao wa MQB tangu mwaka 2012, Toyota wakafuata na TNGA mwaka 2015. Wengine huuza gari moja kwa majina mawili: Toyota Passo ni Daihatsu Boon, na Toyota Starlet mpya inayouzwa Afrika chimbuko lake ni Suzuki Baleno.

Ubanaji wa aina hii unakufaa wewe. Injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,500 imewekwa kwenye Probox, IST, Raum, Fun Cargo, Vitz, Premio, Allion na Corolla. Ndiyo maana fundi wa Masasi anaifungua huku anaongea na simu, na ndiyo maana plagi na mauntini zake hukosi hata kwenye duka dogo. Gari lisilo na ndugu ni yatima: likiharibika, unasubiri.

Hapo fanya ninachokiita jaribio la spea tano. Kabla ya kulipa, pigia simu maduka matatu ya spea ya mjini kwenu, Mtwara, Lindi au Masasi. Taja gari, mwaka na namba ya injini, kisha ulizia pedi za breki za mbele, shokapu za nyuma, beringi ya gurudumu la mbele, rejeta na taa ya mbele. Kwa kila moja uliza kama ipo, ni mpya au mtumba, na kama haipo itachukua siku ngapi kutoka Kariakoo. Andika majibu. Zikikosekana tatu kati ya tano katika maduka yote matatu, mimi gari hilo siligusi hata liwe zuri namna gani. Tunategemea barabara moja kubwa kuleta vitu kutoka Dar es Salaam, na tuliona Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata upande wa Somanga, namna mji mzima unavyokaa kusubiri.

Hatua ya 3: Uliza kipuri kinauzwa chenyewe au na jirani zake

Hili wanunuzi wengi hawalijui. Kiwandani ni nafuu kufunga kitu kimoja kilichounganishwa kuliko vitatu. Beringi ya gurudumu iliyokuwa ikigongwa ikatoka, ikaingizwa mpya, sasa kwenye magari mengi imeshikana na habu yake na wakati mwingine na sensa ya breki. Bolijointi imeunganishwa na mkono wake. Taa ya mbele ya LED ni boksi lililofungwa: ikifa, hubadilishi balbu, unabadilisha taa nzima.

Mtengenezaji ameokoa dakika za wafanyakazi wake, na wewe ndiye unayenunua mkono mzima kwa sababu ya mpira mmoja uliochoka. Kwa hiyo unapopiga zile simu za hatua ya pili, usiridhike na jibu la "ipo". Uliza, "Bolijointi naipata peke yake, au mpaka mkono mzima?" Muuza spea mwaminifu atakujibu palepale, na bei zake mbili zitakuonyesha tofauti.

Hatua ya 4: Fungua buti, nyanyua zulia

Magari mengi mapya hayana tairi la spea. Badala yake utakuta chupa ya gundi na kipampu kidogo cha umeme. Kiwanda kinaokoa tairi, rimu, jeki, na uzito wa gari unapungua.

Gari langu la kwanza lenye kichupa hicho nililinunua bila kunyanyua zulia. Nilikuwa natoka Dar es Salaam na mke wangu na mtoto wa miaka minne. Tulipopita Nangurukuru, tukielekea Mbwemkuru, jiwe lilichana ubavu wa tairi la nyuma. Ile gundi inaziba tundu la msumari kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Ubavu uliochanika haiwezi. Na hata kama ingeweza, chupa ilikuwa imeshapitwa na muda wake, maana nayo ina tarehe ya mwisho kama dawa ya hospitali. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tulikaa pembeni ya barabara mpaka saa nne usiku, dereva wa lori la saruji alipotuchukua. Mtoto alikuwa analia njaa. Tangu siku ile kitu cha kwanza ninachokagua kwenye gari ni buti, halafu ndiyo injini.

Ukikuta hakuna tairi, angalia kama shimo lake lipo. Kama lipo, mwambie muuzaji aweke tairi la spea la saizi sahihi, jeki na spana ya magurudumu, au apunguze bei kwa kiasi cha kuvinunua. Kama shimo halipo kabisa, tairi litakula nafasi ya mizigo yako siku zote. Ukilikuta, soma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo ni pambo.

Hatua ya 5: Lala chini ya gari

Vaa nguo za kazi, chukua tochi, ingia chini. Rangi ya juu kila mtu anaiona, kwa hiyo kiwanda hakiidhulumu sana. Chini hakuna anayetazama, na dawa ya kuzuia kutu huko hupunguzwa kulingana na soko gari linakopelekwa. Sisi tunaishi na upepo wa bahari wenye chumvi mwaka mzima. Gari la kutoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani, nalo limetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, hivyo linaweza kufika Mtwara likiwa limeanza kuliwa tayari.

Gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye kingo za chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu na mahali springi zinapokaa. Mlio mkavu wa chuma ni mzuri. Mlio wa kubonyea, au unga mwekundu ukidondoka, ondoka. Angalia pia lami nyeusi iliyopakwa juzi. Mara nyingi imefunika jambo.

Kama unaagiza kutoka Japani, dai karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari, na usitosheke na picha. Kwenye mchoro wa gari herufi S ni kutu, C ni chuma kilichoanza kuliwa, A ni mchubuko, U ni kubonyea. Alama ya jumla ikiwa R, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Wakala anayekwepa kukupa karatasi hiyo anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ukiwa huko chini utakutana na vitu viwili ambavyo watu wa mjini huvibeza: breki za ngoma nyuma, na ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja badala ya mikono mingi. Vyote viwili vimewekwa kwa sababu ni nafuu. Hapa nitawatetea watengenezaji. Ngoma imefunikwa, vumbi la Nanyumbu haliiingii kirahisi, na ekseli ya kipande kimoja ina bushi chache za kuchakaa. Kwa gari la kazi huku kusini, navipokea kwa mikono miwili.

Hatua ya 6: Lipandishe mlima likiwa na mzigo

Rejeta za siku hizi zina tumbo la alumini na vichwa vya plastiki. Plastiki huzeeka kwa joto na kupasuka, hasa kwenye maungio. Angalia kama kuna mistari myeupe au ya kijani pale plastiki inapokutana na alumini, kisha fungua kifuniko injini ikiwa baridi. Ukikuta maji yenye rangi ya kutu, aliyekuwa nalo alikuwa anajaza maji ya kisima, na visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi. Hapo hesabu rejeta mpya kwenye bei.

Giaboksi za CVT, yaani za otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua, zinataka uangalifu zaidi. Wengi wameondoa kijiti cha kupimia oili na kuandika kwamba oili hiyo haibadilishwi maisha yote ya gari. Maisha wanayoyafikiria wao ni ya mnunuzi wa kwanza. Wewe ni wa pili au wa tatu. Mpe fundi atoe oili kidogo aitazame: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, achana nalo. Na ukilinunua, tumia oili ya CVT iliyoandikwa kwa gari hilo tu. Ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki itaiua.

Kulijaribu, barabara tambarare haitoshi. Ukiweza, weka watu wanne na upande Newala ukitokea Masasi. Gari likipiga kelele bila kuongeza mwendo, likisita, au mshale wa joto ukipanda, mlima umekujibu.

Hatua ya 7: Usalama, hapa usikubali punguzo lolote

Mwaka 2019 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari kwa kuyagonga, liligonganisha pikapu mbili za Nissan uso kwa uso. Moja ilikuwa Hardbody mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika. Nyingine ilikuwa Navara ya mwaka 2015 iliyonunuliwa mtumba Ulaya. Vipimo vya sanamu ya dereva wa Hardbody vilionyesha majeraha ambayo yangeua mtu. Dereva wa Navara angetoka akitembea. Mwaka mmoja kabla, Hardbody hiyohiyo ilikuwa imepata nyota sifuri kwenye jaribio la shirika hilo. Nimekaa na habari hii kwa muda mrefu na bado inanichoma: gari jipya la kwetu lilikuwa na ulinzi mdogo kuliko kuukuu la kwao.

Kwa hiyo neno "jipya" halitoshi. Uliza eabegi ziko ngapi na wapi, na kama breki zina ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na eabegi sita katika nchi moja na mbili katika nyingine, na hata ndani ya Japani daraja la chini huuzwa bila vitu vilivyomo kwenye daraja la juu. Tafuta jina la gari lako kwenye tovuti za Global NCAP na Euro NCAP, uone nyota zake na soko lililopimwa.

Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi iwake kwenye dashibodi, halafu izime baada ya sekunde chache. Isipozima, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana kuna wanaong'oa balbu kuficha eabegi zilizokwisha kulipuka.

Sasa sikia habari ya Takata, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa pwani kuliko wengi. Kampuni hiyo ya Japani ilitengeneza eabegi kwa kutumia amonia naitreti, kemikali ya bei nafuu ambayo pia hutumika kama mbolea. Ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi hadi kikopo cha chuma kinapasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Zaidi ya watu 30 wamekufa duniani, wengi wao kwenye maeneo ya joto na unyevunyevu kama Florida na Malaysia. Eabegi zipatazo milioni 100 ziliamriwa kubadilishwa na Takata ikafilisika Juni 2017. Magari ya miaka ya 2000 ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine yalihusika, zikiwemo Vitz, Corolla na Honda Fit tunazozipanda kila siku. Na joto letu na unyevu wetu mnaujua.

Chukua namba ya chesisi, uiingize kwenye ukurasa wa marejesho (magari yaliyoitwa karakana kurekebishwa) wa tovuti ya mtengenezaji huko Japani, au umpe wakala wako akufanyie na akutumie picha ya majibu. Kama kazi haikufanywa, mpe muuzaji sharti la kuifanya kwanza. Na usikubali fundi akufungie eabegi iliyong'olewa kwenye gari bovu. Hujui imekaa juani miaka mingapi.

Hata muda nao hubanwa. Desemba 2023 uchunguzi uliofanywa kuhusu Daihatsu ulionyesha udanganyifu kwenye majaribio ya kuidhinisha magari, uliogusa aina 64 zikiwemo zilizouzwa kwa jina la Toyota. Wachunguzi walitaja wafanyakazi waliobanwa na ratiba fupi mno.

Hatua ya 8: Skrini

Vitufe ishirini vina waya na swichi ishirini. Skrini moja inavimeza vyote na kiwanda kinapata nafuu, huku muuzaji akiiita anasa. Ikifa, unaweza kupoteza kipoza hewa, kamera na redio kwa mpigo. Euro NCAP nao wameona hatari ya dereva kuhangaika na skrini, na kuanzia mwaka 2026 gari linalotaka nyota zote tano lazima liwe na vitufe au swichi halisi za mambo kama honi, waipa na taa za kukata kona. Kama kipoza hewa kinaendeshwa na skrini peke yake, lijaribu saa nane mchana, gari likiwa limeshinda juani.

Hatua ya 9: Piga hesabu ya miaka mitatu

Bei ya kununua ni mstari mmoja tu. Anza na kikokotoo cha TRA upate kodi kwa gari husika, ukikumbuka kwamba gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, hivyo gari rahisi kule linaweza kuwa ghali likishafika bandarini. Ongeza bei za spea tano ulizoziandika, tairi nne, oili ya giaboksi, bima na tairi la spea kama halipo. Fanya hivyo kwa magari yote mawili unayoyashindanisha, kwenye ukurasa mmoja.

Mzee wangu wa Tandahimba tulimfanyia hesabu hiyo kwenye daftari la mjukuu wake. Lile jipya lilikuwa na eabegi nyingi zaidi, na nilimwambia wazi kwamba hapo limeshinda. Lakini halikuwa na shimo la tairi, spea nne kati ya tano hazikupatikana mjini, na yeye hubeba mifuko ya salfa na watu wa palizi kwenye njia ya mchanga. Akachukua Probox. Kabla ya kulipa, tulikagua namba ya chesisi, tukakuta eabegi zake zilishabadilishwa.

Wiki ya kwanza tulifanya mambo manne: kulipaka gari dawa ya kutu chini na ndani ya matao ya magurudumu, kumwaga maji ya rejeta na kuweka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), kubadilisha kichungio cha hewa kilichojaa vumbi, na kununua jeki inayolibeba gari hilo likiwa na mzigo. Ya tano nilimwachia yeye na wajukuu zake: wakienda Msimbati kuendesha ufukweni, siku hiyohiyo wakirudi walioshe chini kwa maji ya bomba, wakianzia kwenye matao, kabla chumvi haijakauka.